Mraba Ukisimamishwa kwa Kona, Bado ni Mraba?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana umri wa miaka 8. Anataja majina ya maumbo yote yaliyomo katika kitabu chake bila kukosea, lakini nikiugeuza mraba ukasimama kwa kona ananiambia kwamba huo si mraba tena. Kisanduku chenye nyuso zinazolingana naye anakiita mraba. Nilipomweleza kwamba kila mraba ni mstatili, alikataa katakata akasema ninamchanganya. Je, nianze na maumbo bapa (kama mraba wa kuchorwa) au maumbo mango (kama kisanduku), na nimfundishe vipi sifa za maumbo badala ya majina matupu?

Jibu: Marahaba. Binti yako hajakosea kwa namna unayoidhania, na hapo alipo ndipo wanapopita watoto wote. Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, mke na mume, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, waliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Utrecht tasnifu zao kuhusu ufundishaji wa jiometria. Walieleza kwamba mwanafunzi hupanda ngazi: kwanza hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyoutambua uso wa mtu, kisha huanza kuona sehemu na sifa zake, baadaye ndipo huona jinsi sifa moja inavyoivuta nyingine, hata akaweza kusema kwamba umbo hili ni aina ya umbo lile. Ngazi hairukwi, na kinachompandisha mtoto ni mafunzo anayoyapata kuliko umri wake. Walitahadharisha pia kuhusu jambo ambalo naona ndilo kiini cha mgogoro wenu: watu wawili walio katika ngazi tofauti hutumia neno lilelile bila kuelewana. Wewe ukisema mraba unakusudia pande 4 zilizo sawa na pembe 4 za mraba, yaani za nyuzi 90. Yeye akisema mraba anakusudia picha ile iliyotulia juu ya kitako chake. Picha hiyo ukiigeuza, kwa hakika si ileile tena.

Kwa hiyo suala la mraba kuwa mstatili liache kwanza, kwa kuwa ni la ngazi ya tatu na mtoto bado yuko ya kwanza. Nitalirudia mwishoni.

Kuhusu pa kuanzia, mimi huanza na maumbo mango, ingawa vitabu vingi huanza na bapa. Sababu yake ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kushika umbo bapa. Mraba wa kweli hauna unene, na kile kipande cha mbao kinachotolewa darasani na kuitwa mraba ni mche mwembamba, yaani kama kisanduku chembamba, wenye nyuso 6, hivyo mtoto anayekigeuza na kusema kwamba kina nyuso 6 anastahili pongezi badala ya kusahihishwa. Umbo mango hushikika, huviringishwa, hupangwa juu ya jingine. Umbo bapa ni kitu tunachokiona juu ya umbo mango, kama uso wake au alama iachwayo na uso huo, na kulifikiria peke yake ni kazi ya akili inayokuja baadaye. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alipanga vifaa vyake kwa utaratibu huohuo: alianza na tufe (umbo la mpira), mche duara (umbo la kopo) na mchemraba (kisanduku chenye nyuso zote sawa), akaja kwenye vibao bapa, kisha vijiti vya kuonyesha mistari, na mwisho vitu vidogo vya kuonyesha nukta.

Chukua mfuko usioonyesha kilicho ndani, utie gololi, kopo dogo, kisanduku, kipande cha sabuni ambacho hakijatumika na kitu chochote chenye umbo la pia, yaani chenye kitako cha duara na ncha moja. Mwambie aingize mkono, ashike kimoja, na kabla ya kukitoa akueleze anachokihisi, huku jina likiwa limekatazwa kabisa. Mwanzoni atasema maneno machache tu, kwamba ni kigumu au ni kidogo. Usimsaidie. Mkono utaanza kutafuta, kidole gumba kitapita juu ya ukingo na kusita kwenye ncha, na hapo utasikia maneno kama "hapa panachoma, hapa pamelala, huku panazunguka". Maneno hayo ndiyo sifa za umbo kabla hazijavaa istilahi. Macho hulichukua umbo zima kwa mara moja na kuliita jina, ilhali mkono hulazimika kulipitia sehemu moja baada ya nyingine, na ndiyo maana zoezi hili dogo humtoa mtoto kwenye ngazi ya sura haraka kuliko picha nyingi.

Baada ya hapo viviringisheni vitu hivyo juu ya ubao ulioinamishwa kidogo. Tufe hukimbia upande wowote utakaolielekeza. Mche duara hubiringika ukilazwa, lakini ukisimamishwa juu ya uso wake bapa huteleza au hubaki palepale. Ile pia nayo ikilazwa huzunguka kuizunguka ncha yake na kupinda njia. Muulize kwa nini, kisha umpe muda. Jibu la kwamba penye uso uliopinda hubiringika na penye uso bapa huteleza atalipata mwenyewe.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa lugha yetu ina mitego ambayo mara nyingi sisi wakubwa hatuioni. Tunasema "umbo la pande tatu" tukikusudia kitu chenye urefu, upana na kimo, halafu dakika moja baadaye tunasema pembetatu ina pande tatu. Mtoto afanyeje? Tunasema "upande" kwa mstari unaolizunguka umbo bapa na pia kwa uso mzima wa kisanduku. Neno "pembe" tunalitumia kwa ncha ya meza, kwa uwazi ulio kati ya mistari miwili inayokutana, na kwa pembe ya mnyama. Neno "duara" hutumika kwa mpira na kwa alama ya kikombe vilevile. Amueni leo maneno mtakayotumia nyumbani, na myashike bila kuyabadilisha: upande uwe wa umbo bapa tu; kwenye umbo mango semeni uso, na panapokutana nyuso mbili semeni ukingo, na ncha panapokutana kingo iitwe kipeo; pembe ibaki kuwa ule uwazi unaopimwa kwa nyuzi. Mpira ni tufe, na duara ni lile la kwenye karatasi. Ukifanya hivyo, kosa lake la kukiita kisanduku mraba litajirekebisha karibu peke yake, kwa kuwa atakuwa na neno la kusema kile alichokiona kwa usahihi: kisanduku hiki kina nyuso zenye umbo la mraba. Mwonyeshe pia kwamba jina mchemraba limejifafanua lenyewe, kwa kuwa ni mche ambao kila uso wake ni mraba, kama vile mche duara ulivyo mche wenye duara huku na huku. Mche wowote ukiukata sambamba na kitako chake hukupa umbo lilelile la ukubwa uleule kutoka chini hadi juu, jambo ambalo piramidi haliwezi, kwa sababu umbo la mkato wake hupungua ukubwa kadiri unavyopanda.

Kuhesabu nyuso, kingo na vipeo kunaonekana kazi nyepesi mpaka umwone mtoto akiifanya. Hugeuza mchemraba mkononi, husahau alipoanzia, na hufika vipeo 9 au 10. Wengi humwambia arudie kwa makini, naye hukosea tena kwa namna nyingine. Mpe donge la udongo abandike chembe moja juu ya kila kipeo anachokihesabu, na uzi wa rangi au chaki ya kupaka kila ukingo. Atapata vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6. Kisha mwonyeshe njia ya kuhesabu bila kugusa, ambayo kwangu ina thamani kubwa kuliko majibu yenyewe: nyuso ni 6, na kila uso una pande 4, kwa hiyo pande zote ni 24, lakini kila ukingo umetokana na pande mbili zilizogusana, basi kingo ni nusu ya 24, yaani 12. Vivyo hivyo kila uso una kona 4, kona zote ni 24, na kila kipeo kinakutanisha kona za nyuso 3, basi 24 ukigawanya kwa 3 unapata 8. Mtoto wa miaka 8 huenda asiifuate hesabu hii mara moja, ila atakapoifuata ataelewa jinsi umbo mango linavyoshonwa kutokana na maumbo bapa.

Akishazoea, muandike jedwali la mchemraba, piramidi lenye kitako cha mraba na mche pembetatu. Piramidi lina vipeo 5, kingo 8 na nyuso 5. Mche pembetatu una vipeo 6, kingo 9 na nyuso 5. Jumlisha vipeo na nyuso, kisha toa kingo, na kila mara utabaki na 2. Mwanahisabati Leonhard Euler alimwandikia rafiki yake Christian Goldbach kuhusu uhusiano huu mwaka 1750. Usianze kwa kumwambia kanuni. Muache aone ile 2 ikijirudia, maana watoto hupenda kuituhumu. Atakujaribu kwa mche duara, naye akihesabu nyuso 3, kingo 2 na vipeo sifuri atapata 1 na kushangilia kwamba kanuni imevunjika. Mwambie kwamba kanuni hiyo ni ya maumbo ambayo nyuso zake zote ni bapa na zimezungukwa na mistari iliyonyooka, na mche duara una uso uliopinda. Vitabu navyo havikubaliani kama ukingo uliopinda uitwe ukingo, au kama ncha ya pia iitwe kipeo. Kwa mtihani afuate kitabu cha shule yake. Nyumbani mnaweza kubishana kwa raha.

Daraja la kutoka mango kwenda bapa ni kufuatisha na kukunjua. Mwache akisimamishe kisanduku juu ya karatasi, azungushe penseli pembeni mwa kila uso, na alinganishe alama: mche mstatili wa kawaida utampa mistatili mitatu tofauti, kila mmoja mara mbili, na nyuso zilizo sawa zitakuwa zile zinazotazamana. Halafu chukueni kisanduku cha karatasi ngumu mkikate kwenye kingo mpaka kilale chote mezani. Kabla ya kukata, muulize atabiri kitalala kikiwa na sura gani, na achore. Mchemraba una namna 11 tofauti za kukunjuliwa, ikiwa zile zinazofanana kwa kugeuzwa au kupinduliwa tunazihesabu kuwa moja. Miraba 6 iliyounganishwa kwa pande zake inaweza kupangwa kwa namna 35, kwa hiyo mipango 24 haifungi. Akate chache kwa karatasi yenye vyumba, akunje, na aone ni wapi nyuso mbili zinapandana na ni wapi pengo linabaki. Ule mpango wa miraba 6 katika mstari mmoja ni mzuri wa kuanzia, kwa sababu watoto wengi huapa kwamba utafunga.

Katika hatua hii naomba usitegemee picha za maumbo mango zilizochapishwa. Mchoro wa mchemraba kwenye karatasi huonyesha uso mmoja tu kama mraba, na nyuso nyingine mbili zimeinama zikawa misambamba, yaani maumbo ya pande 4 yaliyolala upande. Sisi tumezoea kuusoma mchoro huo. Mtoto anayesema kwamba mchemraba una nyuso 3, na kwamba mbili kati yake zimepinda, ameeleza kwa uaminifu kile kilichopo mbele ya macho yake.

Kwa maumbo bapa kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni mirija ya kunywea na uzi. Kata vipande 4 vyenye urefu sawa, pitisha uzi ndani yake, funga. Mpe mtoto ashike kona mbili zinazotazamana na azisukume taratibu. Mraba utalala, ukawa umbo lile lililoinama ambalo huitwa rombasi, kisha utabanwa mpaka mirija ikaribie kugusana. Hapo ndipo pa kuuliza swali moja tu: ni nini kilichobadilika, na ni nini kilichobaki? Pande hazikubadilika urefu, kwa kuwa mirija ni ileile. Pande zinazotazamana zimebaki sambamba. Pembe ndizo zilizobadilika, mbili zikiwa kali na mbili butu. Mtoto ameona kwa mikono yake kwamba pande sawa ni jambo moja na pembe sawa ni jambo jingine, na kwamba mraba unahitaji yote mawili. Sasa mpe mirija 3 iliyofungwa vilevile na umwambie asukume. Pembetatu haitalala hata akikaza mikono, kwa kuwa pande zake zikishapangwa pembe zake nazo zimeshapangwa, na hii ndiyo sababu mafundi huongeza ubao wa mshazari kwenye fremu inayoyumba. Arudi kwenye ule mraba wake uliolala, akate mrija mwingine mrefu wa kuunganisha kona mbili zinazotazamana, na aone jinsi unavyosimama imara.

Pembe mraba naye aitengeneze mwenyewe. Karatasi yoyote, hata iliyochanika ovyo, ikikunjwa mara moja na kisha mkunjo ukakunjwa juu yake wenyewe hutoa pembe ya nyuzi 90. Akitembea nayo nyumbani akipima vitabu, milango na vigae, ataacha kuamini kwamba pembe ni kubwa kwa sababu mistari yake ni mirefu, kosa ambalo wengi huingia nalo hata darasa la juu.

Hapo ndipo mraba uliosimama kwa kona unapotulia. Chanzo cha tatizo ni kwamba karibu kila mraba aliouona umechapwa ukiwa umelala, na karibu kila pembetatu ina kitako chini na ncha juu. Kata mraba wa karatasi ngumu, uweke mezani, na mwambie atembee kuizunguka meza badala ya wewe kuugeuza mraba. Akifika mbele ya kona asimame, kisha muulize ni nani aliyesogea. Kisha apime tena pande na pembe kwa ile karatasi iliyokunjwa. Kwa pembetatu, mchanganyie mifano na visivyo mifano: pembetatu nyembamba kama sindano, pembetatu iliyosimama kwa ncha, umbo lenye pande 3 ambalo moja imepinda, na umbo ambalo kona yake moja haikufunga. Atakayoyakataa yatakufundisha zaidi kuliko atakayoyakubali.

Tumerudi kwenye mraba na mstatili. Binti yako ana utetezi mzuri kuliko anavyojua. Neno mstatili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kitu kilichorefushwa. Mtu anayesema kwamba mraba haukurefushwa analisikia neno vizuri. Hata Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, takriban miaka 300 kabla ya Kristo, alifafanua umbo refu lenye pembe mraba kuwa ni lile ambalo pande zake si sawa, na hivyo akauweka mraba kando. Leo tunafafanua mstatili kuwa pembenne yenye pembe 4 za mraba, basi, bila kudai lolote kuhusu urefu, kwa sababu ufafanuzi huo unarahisisha kazi: chochote tutakachothibitisha kuhusu mstatili kitakuwa kweli kwa mraba bila kurudia. Ni uamuzi, na mtoto ana haki ya kuambiwa kwamba ni uamuzi.

Mwonyeshe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu vilivyokatwa kama herufi L, kila kimoja kikiwa na pembe mraba. Viweke kimoja juu ya kingine kwa kuelekeana mpaka pawe na dirisha katikati. Sogeza taratibu: dirisha refu la kulala linafupika, linafupika zaidi, linafika mahali pande zote zikawa sawa, kisha linaendelea na kuwa refu la kusimama. Wakati wote pembe ni zilezile 4. Muulize ni wakati gani lilipoacha kuwa mstatili. Atasimamisha mkono palepale penye mraba na kusema "hapa". Muulize kilichoharibika hapo. Usimjibu. Wengine hukubali siku hiyo, wengine huhitaji miezi, na kumlazimisha arudie sentensi ya mwalimu hakumpandishi ngazi.

Utajua amepanda kwa kusikiliza anavyotoa sababu. Mwanzoni atasema ni mraba kwa sababu unafanana na mraba. Baadaye ataorodhesha kila anachokijua: pande 4, zote sawa, pembe 4, zote za mraba, pande zinazotazamana ziko sambamba. Siku akianza kupunguza orodha yake na kusema kwamba hili la mwisho halina haja ya kutajwa kwa kuwa linakuja lenyewe, mrudishie ile mirija 4 na umuulize kama pande 4 zilizo sawa zinatosha peke yake kuwa mraba. Ukimwona anaushika kwa kona mbili na kuulaza kabla hajakujibu, mtolee zile L mbili.